Nisaini mkataba wa kampuni ya umeme jua, au nimalize kwanza habari ya nguzo?

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mkazi wa Kigoma, na kazi yangu ni uandishi wa habari. Ninaandikia gazeti moja kama mwandishi wa kujitegemea, maana yake ninalipwa kwa habari iliyochapwa, na isipochapwa hata nauli niliyotumia inabaki kuwa hasara yangu. Kwa miaka tisa nimeandika mambo mengi, lakini watu wananijua kwa habari za umeme na mafuta. Niliandika wakati mji wetu ulipokuwa nje ya gridi ya Taifa ukitegemea majenereta ya dizeli, nikaandika tena mwaka 2022 umeme wa gridi ulipoanza kuingia mkoani kupitia Nyakanazi, na nimekwenda mara kadhaa kufuatilia mradi wa maporomoko ya Malagarasi, ule wa megawati 49.5 ambao watu wa huku tumeusubiri kwa muda mrefu.

Kazi hii niliipenda nikiwa chuoni, Novemba 2014, Bunge lilipojadili fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, yaani malipo ya umeme yaliyohifadhiwa kwa sababu ya mgogoro kati ya shirika la umeme TANESCO na kampuni ya IPTL. Nilikuwa nyumbani Ujiji, na usiku ule tulikaa kuizunguka redio ya marehemu baba mpaka betri zikaisha. Baba alifurahi kwamba hoja ile iliibuliwa bungeni na David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, na kwamba kamati iliyowasilisha taarifa iliongozwa na Zitto Kabwe wa Kigoma Kaskazini. Aliniambia kuwa mambo ya umeme si ya wahandisi peke yao, kwa sababu anayelipa ni mtu wa kawaida. Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo.

Tangu mwaka jana ninamfuatilia mkandarasi mmoja aliyepewa kazi ya kusambaza umeme katika baadhi ya vijiji. Kama unavyojua, mwananchi wa kijijini hulipa shilingi 27,000 kuunganishiwa umeme chini ya miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini (REA), na nguzo haiuzwi. Katika vijiji vitatu nimekutana na watu waliotoa kati ya shilingi 80,000 na 150,000 mikononi mwa wasimamizi wa mkandarasi huyo, wakiambiwa ni fedha za nguzo, na hakuna aliyepewa risiti. Nimeandika majina ya watu 31, na 19 kati yao wamekubali kutajwa gazetini. Bibi mmoja aliuza madumu ya mawese aliyokuwa ameyaweka akisubiri bei ipande, kisha nguzo ikasimikwa kwa jirani yake. Kila nikipita kwake ananiuliza, "Mwanangu, habari yetu imefika wapi?"

Kinachoipa habari hii uzito ni nyaraka. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, anafanya kazi kwa mkandarasi huyo. Alinionyesha kumbukumbu za ndani zinazothibitisha kwamba fedha zile hazikuwa tamaa ya kishoka mmoja, fundi wa mitaani asiye rasmi, aliyejipenyeza, bali ofisi ilizijua. Aliniruhusu nizipige picha. Hakuomba chochote, alisema tu kwamba amechoka kulala na jambo lile kifuani.

Sasa, ndani ya mwezi mmoja, nimebanwa kila upande. Mhariri wangu amesema yuko tayari kuichapa habari, lakini kwa sharti kwamba nyaraka zionekane, kwa sababu bila hizo anaogopa gazeti kushtakiwa kwa kashfa. Mdogo wangu amekuja kwangu akilia na kuniomba niiache, kwa kuwa wanaoziona nyaraka hizo ni wachache na mumewe atajulikana siku hiyo hiyo. Wakati huo huo, kampuni moja inayouza mitambo ya umeme jua kwa mkopo imenipa ajira ya afisa mawasiliano. Haina uhusiano wowote na mkandarasi yule, hilo nimelichunguza. Mshahara wake wa mwezi mmoja unazidi ninachopata kwa miezi mitano, na kuna bima ya afya. Mama yangu ana kisukari na shinikizo la damu, na nina mtoto wa miaka saba ninayemlea peke yangu. Tatizo ni kwamba mkataba una kipengele kinachonizuia kuandika au kutoa habari yoyote kuhusu sekta ya nishati nikiwa kazini, na kwa miezi 12 baada ya kuondoka. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwenzangu mmoja amesema nikisaini nitakuwa nimeuza kalamu. Mwingine ameniambia niache ujinga, kwa sababu kalamu hainunui dawa. Mama hasemi neno, lakini hajasahau habari ya Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyetoweka Kibiti Novemba 2017, na kila nikichelewa kurudi kutoka vijijini namkuta hajalala.

Je, nikisaini nitakuwa nimewasaliti wale watu 31? Na nikikataa, nitakuwa nimemtoa mhanga shemeji yangu, pamoja na mama, kwa ajili ya jina langu? Nimechoka, Mama, na sijui tena kama ninaipenda kazi hii au nimeizoea tu.

Mwandishi, Kigoma

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, nikiandika pembeni kila jambo unaloliogopa na jina la mtu anayehusika nalo. Nilipomaliza niliona kwamba umefunga mizigo mitatu kwa kamba moja: ajira, habari ya nguzo, na usalama wa shemeji yako. Kwa kuwa vimefungwa pamoja, vyote vinaonekana kudai jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Lakini tarehe hiyo ni ya kampuni peke yake. Habari yako imekuwepo tangu mwaka jana, na hatari ya shemeji yako haina kalenda, kwa sababu itaanza siku utakapochapa, iwe mwezi huu au mwakani. Naomba tuifungue kamba hiyo kwanza, ili kila mzigo uupime kwa uzito wake.

Nianze na shemeji yako, kwa sababu kati ya watu wote uliowataja yeye ndiye anayeweza kupoteza kazi, au zaidi ya kazi, kwa jambo litakaloamuliwa na mtu mwingine. Umenieleza machozi ya mdogo wako, na sina shaka kwamba ni ya kweli. Hata hivyo, sijaona mahali ulipoandika anachosema shemeji mwenyewe leo. Alipokuruhusu kupiga picha alikuwa amechoka na kimya, na ruhusa inayotoka katika uchovu ni ruhusa ya kweli, ila huenda haikuwa ruhusa ya kuchapa nyaraka zile zile kwenye ukurasa wa mbele. Je, ulimuuliza hilo waziwazi? Je, anajua sharti la mhariri? Yawezekana atasema amekwisha kuhesabu gharama na yuko tayari, au atasema alidhani ungezisoma tu ili ujue pa kuuliza. Mdogo wako ana haki ya kusikilizwa, maana nyumba ni yake pia, lakini hawezi kujibu kwa niaba ya mumewe, nawe huwezi.

Kuna jambo la kisheria ambalo watu wengi huliona kwa juu juu, na naomba umweleze. Tuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini ulinzi wake umejengwa juu ya taarifa inayopelekwa kwa mamlaka husika. Mtu aliyempa mwandishi nyaraka asijione amekwisha kuingia chini ya mwavuli huo. Kama angependa kupeleka jambo hili TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hiyo ni njia nyingine yenye hatari zake, na kabla ya kuichagua ni vizuri akae na wakili, na wakili huyo asiwe wa gazeti lako, kwa sababu wakili wa gazeti kazi yake ni kulilinda gazeti.

Hapa lazima nikuambie jambo ambalo nimelifikiria kabla ya kuliandika. Katika barua yako ya awali ulitaja jina la kijiji, mwezi ulioziona nyaraka, aina ya nyaraka zenyewe na kazi hasa anayoifanya ndugu huyo. Nimeviondoa vyote. Hata neno "shemeji" nimeliweka mimi, na "mdogo wako" vilevile. Wewe unajua ni nani kwako. Sikulaumu hata kidogo, kwa maana uliandika kama mtu anayemwambia mama yake. Ila umeona jinsi mtu anavyoweza kujulikana kwa mambo manne madogo ambayo hakuna hata moja lililo jina lake. Angalia pia simu yako: picha hizo zinakaa wapi, nani anaijua namba yako ya siri, na kama ziliwahi kupita kwenye kundi lolote, hata la watu wawili.

Sasa sharti la mhariri. Namwelewa, kwa kuwa kesi ya madai ya kashfa inaweza kulifilisi gazeti dogo. Lakini nauliza kama umelipokea sharti hilo kama ukuta wakati huenda ni mlango uliorudishwa tu. Watu 19 waliokubali kutajwa, wa vijiji vitatu tofauti, wanaoeleza jambo lile lile bila kujuana, ni ushahidi mzito. Nyaraka zinaweza kuwa taa ya kukuonyesha njia bila zenyewe kuonekana barabarani. Ukishajua kilicho ndani yake, unajua pa kutafuta kitu kingine kinachosema hivyo hivyo na ambacho hakimgusi ndugu yako: mihutasari ya mikutano ya vijiji ambako malalamiko yaliwahi kutolewa, barua za watendaji, maswali ya madiwani, na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo kila mwaka huwasilishwa bungeni na kuwa za umma. Unaweza pia kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016 kuomba taarifa za mradi, na sheria hiyo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu.

Njia hii nayo haiko salama kabisa. Ombi la maandishi humwamsha mtu aliyelala, na ukiuliza swali lililo sahihi mno, mkandarasi atajiuliza nani amekuelekeza. Vivyo hivyo utakapompa nafasi ya kujibu, nafasi ambayo ni haki yake na usiyoweza kuiruka, itabidi maswali yako yatoke katika vinywa vya wanakijiji, yasitoke katika zile picha. Tena habari itakayopatikana kwa njia hiyo huenda ikawa ndogo kuliko unayoitamani. Itasema kwamba watu walitozwa fedha zisizostahili, na haitaweza kusema kwamba ofisi ilijua. Ninakiri kwamba kwa mwandishi ni mateso kuchapa nusu ya anachokijua. Swali ambalo ni wewe tu unayeweza kulijibu ni kama nusu hiyo, ikiwa kweli tupu, ina faida kwa yule bibi wa mawese.

Na hao 19, umewauliza lini mara ya mwisho? Mtu aliyekubali kutajwa mwaka jana akiwa na hasira huenda leo amekwisha kupata umeme, au bado anausubiri na anaogopa jina lake kurukwa. Katika barua yako hatari ya wanakijiji haikutajwa popote, nami nadhani ni kwa sababu hatari ya ndugu wa karibu imeifunika. Nao wanastahili kuulizwa upya.

Nije kwenye ajira. Neno "kuuza kalamu" ni zito, na waliolizoea hulitupa haraka. Kuuza kalamu ni kupokea bahasha ili uandike uongo au unyamazie ukweli. Mama anayelea mtoto peke yake, akaacha malipo ya habari moja moja na kuchukua mshahara halali kwa kazi halali, sioni alichouza. Umeme jua si jambo la kubeza katika mkoa wetu. Nenda Kibirizi usiku usio na mbalamwezi uone taa za wavuvi wa dagaa ziwani, ukumbuke jinsi karabai zilivyokuwa zikila mafuta ya taa. Mtu anayeielewa nishati kama wewe anaweza kuwaeleza wateja kwa uaminifu wanachokinunua na deni wanaloliingia. Lakini jiulize pia hili: siku mteja atakapolalamika kwamba mtambo wake umezimwa kwa mbali kwa kuwa amechelewa kulipa, anayeandika jibu la kampuni utakuwa wewe. Je, utaweza kuliandika na kulala? Wako watu waaminifu wanaoweza, na wako wasioweza, na kujua mapema kwamba wewe uko upande gani ni sehemu ya uamuzi wako.

Kinachonitia shaka zaidi ni kile kipengele. Nionavyo mimi, ndicho kinachoifunga ajira pamoja na habari, kwa hiyo usikipokee kama maandiko matakatifu. Waulize kwa barua kama kinagusa kazi uliyoianza kabla ya kuajiriwa, na kama wako tayari kuiweka kando kwa maandishi. Waulize kama siku ya kuanza kazi inaweza kusogezwa kwa wiki chache. Huna haja ya kuwaambia habari hiyo ni ipi. Wanaweza kukataa, na wanaweza hata kuiondoa ajira yenyewe, na hiyo ni hatari halisi kwa mtu mwenye mama anayehitaji dawa kila siku. Lakini jibu lao litakujulisha jinsi watakavyokutendea utakapokuwa ndani.

Umeuliza kama utawasaliti watu 31. Nyuma ya swali hilo nasikia dhana kwamba usipoiandika wewe, habari imekufa. Rudi kidogo kwenye redio ya baba yako. Ulichokisikia usiku ule wa Novemba 2014 kilikuwa sehemu ya mwisho ya safari ndefu. Fedha zile zilikuwa zimetolewa tangu mwishoni mwa mwaka 2013, na katikati walipita wakaguzi, wachunguzi, wabunge na waandishi wa magazeti kadhaa. Kabla ya hapo, mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond ulitiwa saini mwaka 2006, na ilikuwa Februari 2008, baada ya taarifa ya Kamati Teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe, ndipo Waziri Mkuu Edward Lowassa alipojiuzulu. Hakuna aliyezibeba habari hizo peke yake tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo kumkabidhi mwenzako unayemwamini, labda kupitia klabu yenu ya waandishi mkoani, ni njia iliyopo. Ugumu wake ni kwamba majina uliyopewa na picha ulizoruhusiwa vilikuja kwako kwa kuaminiwa wewe. Huwezi kuvihamisha kama daftari la shule, itabidi urudi kwa kila mmoja, na shemeji yako awe wa kwanza, na yeyote atakayekataa jina lake litoke kabla ya makabidhiano.

Kuhusu uchovu wako sina haraka. Umesema hujui kama unaipenda kazi hii au umeizoea. Naomba usiliamue hilo katika mwezi ambao umelala usingizi mchache, umelia na mdogo wako, na umemkuta mama yako macho usiku. Zungumza na mama. Kimya chake umekisoma kama hofu, na huenda ni hofu, lakini hukuandika kwamba umewahi kumuuliza. Kama angekuwa anataka uache, angeweza kukuambia. Na kama kuna jambo jingine linalomkesha, ni vizuri ulijue kabla ya kulitumia jina lake kama sababu ya kusaini au ya kutosaini.

Na yule bibi wa mawese, mwanangu, usimwache akisubiri. Lolote utakaloamua, iwe habari imechapwa yote, imechapwa nusu, imekwenda kwa mwenzako au imesimama, rudi kijijini kwake. Amekuuliza mara nyingi habari yao imefika wapi. Kaa naye chini, umwambie ilipofika.